Kifuniko cha Bluu

Ukifungua mto wa zamani, siyo pamba inayotangulia kutoka. Kinachotangulia ni harufu: mafuta ya nywele, sabuni, jasho la homa iliyokwisha miaka mingi nyuma. Pamba hufuata, imeshikamana mabonge mabonge, na ukishaichambua kwa vidole na kuichapa kwa fimbo mbili nyembamba huanza kupanda. Nyuzi zake huelea mbele ya dirisha, zikipinduka kwenye mwanga, polepole, kama kitu ambacho hakina haja ya kufika popote.

Mama Pamba alikipenda chumba hicho cha nyuma kuliko vyumba vyote vya nyumba ile, cha kulala kikiwemo. Hakuwahi kuzaa mtoto anayeitwa Pamba. Jina walimpa wateja, kwa sababu kila jioni alitoka mle ndani akiwa mweupe mpaka kwenye kope. Chumba cha mbele kilikuwa cha wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, aliyekaa na cherehani yake akishona mifuko ya mito na ya magodoro na kupokea wateja. Mume mwenyewe aliendesha lori la safari ndefu na alionekana nyumbani kwa nadra, akala, akalala siku mbili, akaondoka. Kwa hiyo kazi ile ya kufufua mito na magodoro iliendeshwa na mawifi wawili, na ukuta mmoja katikati yao, na utani uliopita juu ya ukuta huo kutwa nzima.

Mama Pamba alikuwa na wazo moja ambalo hakupata kumwambia mtu. Aliona kwamba ndoto hazikai kichwani. Mtu akilala huvuja, na mto ndio unaozipokea, mwaka hata mwaka, mpaka unakuwa mzito na mgumu. Ndiyo maana watu huleta mito yao ifunguliwe. Wao husema imekaza. Yeye alijua imejaa. Alipochapa pamba aliziona zikitoka, ndoto za watu asiowajua: nyingine zilipita dirishani, nyingine zilitua sakafuni, na nyingine alizivuta yeye mwenyewe. Wakati mwingine, akiwa peke yake, alijiambia kuwa hizo alizovuta ndizo zilizomwanzishia kifua kulia.

Alijua vizuri kwamba ni vumbi. Hakuwa mjinga. Lakini mtu anaweza kujua jambo moja na kupenda jingine.

Miaka miwili nyuma alikuwa amekwenda kliniki, kifua kikipiga filimbi, na muuguzi wa pumu, mwanamke mpole mwenye miwani iliyoning'inia kwenye uzi, alimwandikisha, akamsikiliza mgongoni, akampulizisha bomba la kupimia pumzi, akamuuliza anafanya kazi gani.

"Nashona," alijibu Mama Pamba.

Haukuwa uongo. Kila mto ukishajaa, mdomo wake aliufunga yeye kwa sindano ndefu. Ila ilikuwa kama kusema unakaa mlangoni wakati una nyumba nzima ndani.

Akapewa inhela ya bluu, akafundishwa namna ya kuivuta, akarudia mbele ya muuguzi mpaka akaiweza. "Hii ni ya kukuokoa ukibanwa," muuguzi alisema. "Siyo ya kila siku. Ukiona unaihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki, usikae nayo kimya. Rudi tuzungumze."

Mwanzoni ilikuwa mara moja kwa wiki. Baadaye ikawa mara moja kwa siku, baadaye asubuhi na jioni, mpaka mwaka huu ikafika mara nne. Hakurudi kuzungumza. Akirudi ataulizwa, akiulizwa atajibu, na akijibu ataambiwa atoke kwenye pamba. Mambo hayo matatu aliyapanga kichwani kwa mstari mmoja na hakuona pa kuponyokea. Inhela ikiisha alipeleka karatasi yake dirisha la dawa, akapewa nyingine, akashukuru, akaondoka na hatua za haraka.

Alikuwa akijificha stoo ili avute. Wifi yake, kutoka kwenye cherehani, hakuacha kumtania.

"Wifi! Hiyo stoo imekuoa?"

"Natafuta uzi!"

"Uzi gani wa mara nne kwa siku? Kaka yangu akirudi nitamwambia ana mume mwenza anaitwa Stoo."

"Mwambie. Na umwambie Stoo hasafiri."

Wifi mtu alicheka, cherehani ikaendelea, na Mama Pamba akatoka akijifuta mdomo, moyo ukimwenda mbio na mikono ikitetemeka kidogo, akarudi kwenye fimbo zake.

Sasa, kuna jambo dogo la kazi hii ambalo mtu wa nje asingelifikiria. Sindano ya kufungia mito ya pamba ni nene, na kitambaa chake ni kigumu, chenye mistari, cha kuzuia pamba isichomoke. Kuisukuma sindano hiyo kunataka subana, ile kofia ya chuma ya kuvaa kidoleni. Subana ya Mama Pamba ilikuwa imepotea ndani ya godoro la mtu fulani, imeshonewa humo, na sasa mtu huyo analalia subana bila habari. Siku moja, akiwa na haraka, alivua kifuniko cha bluu cha inhela yake akakijaribu kwenye dole gumba. Kikamkaa kama kimepimwa. Plastiki ngumu, ukingo mzuri, na sindano haikuteleza. Tangu siku hiyo kifuniko kikawa cha kidole, na inhela yenyewe ikakaa kwenye mfuko wa aproni, mdomo wazi, katikati ya yale yote yaliyoangukia mfukoni humo.

Siku ya mambo yenyewe, nyumba moja ya wageni ilileta mito arobaini kwa mpigo. Dereva wao aliishusha kwenye gari asubuhi, akaiingiza miwili miwili, akaipanga ukutani mpaka chumba cha nyuma kikawa kama kimevimba, kisha akaketi barazani kungoja kumi ya kwanza iwe tayari.

"Arobaini ya wageni!" Mama Pamba alinong'ona. Alisimama mbele ya rundo kama mtu aliyekabidhiwa maktaba. Watu wa kupita, waliolala usiku mmoja mmoja, kila mmoja akaacha kidogo. Akaufungua wa kwanza.

Alifanya kazi bila kupumzika. Kufika mto wa tisa, chumba kilikuwa kimeanza kupoteza kona zake. Weupe ulijaa mpaka darini, dirisha likawa doa la mwanga tu, na fimbo zake zikasikika kama zinapigwa na mtu mwingine, mbali. Aliona ngazi isiyokuwepo. Aliona mwanamume amebeba sanduku, anapanda. Ilikuwa ndoto ya mtu, inapita. Halafu akaona kwamba anaivuta hewa lakini haifiki. Inaishia shingoni, inageuka.

Akaenda stoo. Alijua njia hata macho yakiwa yamefumbwa. Akatoa inhela mfukoni, akaitikisa, akaiweka mdomoni, akabonyeza na kuvuta.

Kitu laini kikamgusa koo.

Akakohoa, na kukohoa kukala ile hewa kidogo aliyokuwa nayo. Akabonyeza tena. Ikatoa mlio mdogo, wa kinyonge, na dawa haikufika mahali. Mara ya tatu hata ule mlio ulikuwa kama wa mtu anayenong'ona nyuma ya mto. Akaketi juu ya gunia. Kifua chake kilikuwa kimekaza kama mfuko uliojazwa kupita kiasi, na jambo la ajabu ni kwamba hakuogopa mara moja. Aliwaza kwa utulivu kabisa: basi nimejaa na mimi.

"Wifi, leo huyo mumeo mpya kakuambia nini, mbona..."

Wifi yake alikuwa amesimama mlangoni. Utani ulimkatikia mdomoni. Aliona mabega ya mwenzake yakipanda na kushuka, aliona midomo imebadilika rangi, na hakupiga kelele. Alimshika kwapani, akamwinua, akampitisha mlango wa nyuma mpaka uani ambako hapakuwa na pamba, akamkalisha kwenye kigoda, wima, mikono juu ya magoti.

"Usilale. Kaa hivyo hivyo. Nipe hiyo."

Akaichukua inhela, akaielekeza kwenye mwanga, akachungulia mdomo wake.

"Wifi," alisema, kwa sauti ya chini, "humu ndani umejaza mto."

Akaita kwa sauti ya kuvunja ukuta: "Dereva! Usiondoke! Washa gari!" Kisha akachomoa mkebe wa dawa kutoka kwenye plastiki, akaushika mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akaiweka plastiki chini ya bomba. Kikatoka kidonge cha pamba, kijivu, ukubwa wa punje ya mahindi, kikafuatwa na kingine. Akaikung'uta, akaifuta kwa upindo wa gauni, akachungulia tena mpaka akaona upande wa pili. Akarudisha mkebe, akatikisa, akapuliza mara moja hewani, mbali na uso. Wingu dogo jeupe likatoka, likapotea.

"Haya. Toa pumzi kwanza. Toa yote uliyo nayo."

"Sina..."

"Hiyo hiyo ndogo. Itoe. Sasa fumba midomo hapa. Vuta polepole, mimi nabonyeza. Vuta, vuta, vuta. Ishike. Usiiachie, wifi, ishike."

Akahesabu kwa sauti, taratibu, jinsi anavyohesabu mishono ya ukingo. Mama Pamba hakufika kumi. Alifika sita. Wakangoja, na kungoja huko kulikuwa kurefu kuliko kushona godoro. Wifi yake alitikisa tena, wakarudia yote tangu mwanzo, na safari hii akafika tisa. Ukafunguka uzi mmoja. Hewa ikapita pembamba, kama inayopita tundu la sindano, lakini ikapita.

"Bora?"

Mama Pamba akatikisa kichwa kwamba ndiyo, kidogo.

"Kidogo haitoshi. Twende."

Ndani ya gari la nyumba ya wageni, dereva aligeuka mara moja kutazama nyuma na kuuliza, "Anapumua?" na wifi mtu akamjibu, "Wewe tazama barabara, kupumua tuachie sisi." Mama Pamba aliegemea mbele, akiyaangalia majengo yakipita laini, bila kona. Ndipo woga ulipomfikia, umechelewa kama mgeni aliyepotea njia, akaanza kulia bila sauti.

Kliniki walimwekea barakoa yenye mvuke wa dawa. Ilichukua muda. Kifua kilipotulia na rangi kurudi, yule muuguzi wa miwani akavuta kiti. Aliichukua inhela, akaigeuza, akaipeleka karibu na macho.

"Kifuniko chake kiko wapi?"

Mama Pamba alinyanyua dole gumba. Kilikuwa bado pale. Alikuwa amekisahau mbio zote hizo, kimemganda kidoleni, na juu yake mashimo madogo ya sindano, kama mia hivi.

Muuguzi alikitazama kwa muda. Hakucheka wala hakukunja uso.

"Uliniambia unashona," alisema. "Unashona nini?"

 Wifi yake alikuwa kwenye kiti cha pembeni, na angeweza kujibu. Alikuwa mtu wa kujibu. Lakini alitazama sakafu, akauacha mlango ule ufunguliwe na mwenye nyumba.

"Nafungua mito," Mama Pamba alisema mwishowe. "Ya zamani. Nachambua pamba yake, naichapa, naijaza upya. Kutwa."

"Na hii unaivuta mara ngapi?"

"Nne." Akameza mate. "Siku nyingine tano."

"Kwa wiki?"

"Kwa siku."

Muuguzi aliweka kalamu chini. Alimweleza bila kupandisha sauti. Dawa ya bluu hufungua njia za hewa kwa saa chache, haiondoi uvimbe ulio ndani. Anayeihitaji mara nne kwa siku ana kifua kinachovimba chini ya dawa, na siku moja dawa hiyo haitatosha. Mikono kutetemeka na moyo kwenda mbio ni mwili unaolalamika kwamba umezidishiwa. Akampa dawa nyingine ya kuvuta, ya kuzuia: asubuhi na jioni, kila siku, hata siku anayojiona mzima, na kusukutua mdomo kwa maji kila baada yake. Ya bluu atembee nayo popote aendapo, imefunikwa, na kila mara kabla ya kuvuta auchungulie mdomo wake. Akivuta kama alivyofundishwa na asipate nafuu, asisubiri, aje.

"Na pamba?" Mama Pamba aliuliza. Alitaka aulize yeye kabla hajaambiwa.

"Wiki sita usiingie chumba hicho. Kisha nitakupima pumzi, tuone."

Kwenye benchi la nje, wakisubiri dawa, alimgeukia wifi yake.

"Ulijuaje kuisafisha vile?"

"Ile karatasi ya ndani ya boksi. Wewe uliitupa. Mimi siwezi kutupa karatasi sijaisoma, unanijua."

"Lini hiyo?"

"Mwaka juzi."

"Kwa hiyo mambo ya stoo..."

"Nilijua. Ukuta wetu ni mwembamba, wifi. Nasikia ile *pss* yako kila siku. Nikawa nakutania nikidhani utachoka kutaniwa, utasema mwenyewe. Nikajiambia huyu ni mtu mzima, ana sababu zake, nisimwingilie." Akainamisha kichwa, akanyoosha upindo wa gauni ambao ulikuwa bado umelowa. "Leo nimeona kwamba ningengoja hivyo hivyo mpaka nikakuzika."

 Mama Pamba aliuchukua mkono wa wifi yake akaushika mpaka wakaitwa dirishani.

 Kwa wiki hizo sita walibadilishana vyumba. Wifi aliingia nyuma akiwa na barakoa na kilemba, madirisha yote wazi, sakafu imenyunyiziwa maji, na mito aliyoitoa ilikuwa na vinundu hata wateja wakauliza kama wamejaziwa viazi. Mama Pamba alikaa kwenye cherehani mbele, mlango wa kati umefungwa, akishona mistari iliyopinda. Alizisikia fimbo zikichapa vibaya, haraka mno, bila subira, na kila pigo lilimuuma. Hakuona ngazi tena, wala watu na masanduku. Mchana ulikuwa mchana tu, na nguo zilikuwa nguo.

Siku ya kupimwa, muuguzi alimpa lile bomba la kupulizia. Akapuliza mara tatu kwa nguvu zake zote. Mshale ukaenda mahali ambapo haukuwahi kufika.

"Na ya bluu?"

"Mara moja tu. Wiki ya kwanza."

"Vizuri sana."

"Basi nirudi kwenye pamba."

Muuguzi alivua miwani, ikaning'inia. "Kifua chako hakikupona ukiwa mle, mama. Kimepona kwa sababu hukuwa mle. Siwezi kukufungia mlango. Lakini ukiniuliza, nakujibu: la."

Wakatoka. Kutoka kliniki kurudi kwao kuna mlima mmoja wa lami, mrefu, na Mama Pamba aliuanza akiwa amefura.

"Eti la! Yeye anajua nini kuhusu mto? Amewahi kuufungua mto hata mmoja? Na wewe unacheka nini? Ile mito ya juzi uliyoitoa, wifi, ningekuwa mteja ningekushitaki. Huchambui, unararua! Pamba haitaki hasira. Unaishika hivi, unaitenganisha hivi, unaingoja ikubali. Miaka kumi na saba, wifi! Miaka kumi na saba nimekaa mle ndani, nimeona mambo ambayo siwezi hata kuyasimulia, halafu mtu ananipulizisha bomba mara tatu ananiambia la. Nitafanya nini mimi? Nitashona mistari iliyopinda mpaka nizeeke? Nitakaa hapo mbele nawaambia wateja karibu, karibu, kama kasuku? Nani atajua mto uliokaza umekaza kwa nini? Wewe unaona pamba tu. Mimi..."

"Wifi."

"Mimi nilikuwa naona watu mle, wifi, watu wazima, na safari zao, na nyumba ambazo hazipo, wanapita mbele yangu mmoja mmoja, sikuwahi kukuambia kwa sababu ungenicheka..."

"Wifi, simama. Nakuomba."

Akageuka. Wifi yake alikuwa nyuma, hatua kama kumi, ameinama, mikono magotini, jasho linamtiririka, anatafuta hewa.

"Unakwenda mbio kama umeibiwa," alisema kwa shida. "Na huku unaongea. Mimi nimeishia kwenye kasuku."

Mama Pamba alitazama chini. Mlima wote ulikuwa nyuma yao, mweusi, mrefu, unang'aa kwa jua. Hakukumbuka kuupanda. Aliweka kiganja kifuani na kungoja ile filimbi. Akangoja tena. Kulikuwa na kimya kipana mle ndani, kama chumba kilichofunguliwa madirisha.

Akashuka zile hatua kumi, akamshika wifi yake kwapani.

"Simama wima," alimwambia. "Toa pumzi kwanza. Hatuna haraka."